Kura za Edmund

Jumatatu, 4 Septemba
Nimefundisha vipindi vinne. Jioni nimekula ugali na kisamvu cha jana. Padri Cecil ameniambia niwe naandika kitu kila siku hata kama hakuna cha kuandika, kwa sababu kanisani ameniona nafungua mdomo wakati wa nyimbo na sauti haitoki. Haya, nimeandika.

Jumanne, 5 Septemba
Joto na vumbi. Maji hayajatoka.

Alhamisi, 7 Septemba
Wifi Priska amekuja asubuhi kabla sijaenda shule. Ni dada wa marehemu mume wangu, Edmund, na kwa kawaida akija huvuta kiti na kuanza kuikosoa chai yangu. Leo alikaa mkekani, nikajua kuna neno.

Alisema Jumamosi, siku ya arobaini, ukoo utampa Zabroni jina la Edmund. Zabroni ni mtoto wa kwanza wa wifi.

Mimi ni Mpare wa Same. Nimekaa hapa Nambawa, juu huku njia ya Newala, tangu nilipoajiriwa, na bado mambo ya Wamakua naambiwa nikiwa nimeshachelewa. Kwetu jina la babu anapewa mtoto mchanga. Huku anakalishwa mkekani mtu mzima mwenye ndevu zake, anamwagiwa unga, na anainuka akiwa marehemu. Kuanzia hapo wadogo wa marehemu wanamwita kaka na watoto wa marehemu wanamwita baba. Na arithiye si mtoto wa kuzaa, ni mpwa, mtoto wa dada.

"Na mimi je?" nilimuuliza.

"Wewe unabaki mama wa nyumba hii, wifi. Mambo ya kurithiwa mke sisi tuliyaacha tangu enzi za wamisionari. Nyumba ni yako, korosho utaokota. Unatakiwa tu kutoa kitu chake kimoja. Kofia inatosha."

Nikasema sawa. Hata angeniambia ning'oe mlango niwape, ningesema sawa. Sina huzuni wala hasira. Niko kama mguu uliokufa ganzi, unaukanyagia na hujui umekanyaga nini.

Jumamosi, 9 Septemba
Arobaini imefanyika. Asubuhi misa, mchana mkeka. Zabroni alikalishwa katikati, wifi akamnyunyizia unga wa mtama, wazee wakasema maneno yao, na mimi nikamvika ile kofia ya pama. Watani wetu Wayao walikuwepo. Mmoja akamzunguka, akampapasa tumbo, akasema, "Edmund, kumbe huko kaburini wanakula vizuri, umerudi umenenepa." Watu walicheka. Na mimi nilicheka, kwa kuwa wote walikuwa wanacheka.

Nieleze hili ili nisije nikajisahaulisha. Edmund alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha msingi, kile kinachokusanya korosho za wakulima na kuzipeleka mnadani. Zabroni ana duka la vipuri vya pikipiki, na kila msimu anafanya kangomba: anapita kwa wenye shida kabla ghala halijafunguliwa, ananunua korosho zao kwa kopo, kwa bei ya kutupa, halafu anazipenyeza kwa majina ya watu wengine. Edmund alimzuia mlangoni mwa ghala mbele ya watu zaidi ya mara moja. Walikuwa hawasemezani mpaka Edmund anaanguka.

Leo nimemvika kofia kwa mikono yangu. Inamkaa vizuri.

Jumapili, 10 Septemba
Tulipotoka kanisani Zabroni alinisogelea. Siku zote alikuwa akiniamkia "Shikamoo, mama," hata katika ule ugomvi wao. Leo alisema, "Umeamkaje, mama Glory?" kisha akasubiri nijibu. Nilisema nimeamka salama.

Alhamisi, 14 Septemba
Nimesahihisha madaftari ya darasa la sita. Umeme hakuna.

Jumatano, 20 Septemba
Limebandikwa tangazo kwenye mlango wa ghala. Kutakuwa na mkutano maalumu wa wanachama kuziba nafasi ya mwenyekiti, na afisa ushirika wa wilaya, Bwana Faruku, atakuja kusimamia. Waliojaza fomu ni wawili: Bibiana, yaani Mama Violet, ambaye ni mtunza ghala wetu, na Zabroni.

Kura za hapa hazina siri kubwa. Watu wa upande wa bondeni huzungumza kwanza msikitini na hupiga kwa pamoja. Walio karibu na kanisa humtazama padri usoni hata akiwa amekaa kimya. Waliobaki, ambao ndio wengi, humfuata mjomba wao. Edmund alikuwa akishinda kwa sababu alikuwa mjomba wa nusu ya kijiji, ingawa mwenyewe alipenda kuamini kuwa ni kwa ajili ya hotuba zake. Sasa huo ujomba amevishwa Zabroni pamoja na kofia. Ndiyo maana jina lilifanyiwa haraka. Nimelielewa leo, na kulielewa hakujanifanya niinuke kitini.

Jumapili, 24 Septemba
Mama Violet amekuja. Ni mwanamke wa maneno machache, mrefu, mwenye tabia ya kukagua kila kitu kana kwamba yuko ghalani. Alikagua dari langu, akakagua sahani zangu, kisha akasema shida yake.

"Mwalimu, sikuombi unipigie debe. Unafiwa na mume halafu nikuletee siasa, hapana. Naomba tu usisimame naye mbele za watu. Wakikuona umesimama naye, basi mimi nimekwisha."

"Sina nguvu ya kukataa, Mama Violet."

"Kukataa kunataka nguvu gani?"

Alipoondoka niliona ameniachia mbaazi kwenye kikapu. Akishika Zabroni, kangomba itaingia ghalani kwa mlango wa mbele, na wale wajane wa bondeni wataanza kuuza maua ya mikorosho yao kabla hayajawa korosho. Hilo najua. Nimelijua wakati nachambua mbaazi, na mikono haikusimama.

Jumanne, 3 Oktoba
Korosho za kwanza zimeanza kuanguka kule shamba la juu. Nimeokota kidogo baada ya shule.

Jumapili, 8 Oktoba
Wifi alinipitia tukaenda pamoja kwenye mkutano wa Zabroni pale karibu na mashine ya kusaga. Nilivaa nguo nyeusi. Nilisimama pembeni yake kama nilivyopangwa. Sikusema neno, na hakuna aliyehitaji niseme.

Zabroni anajua kuongea, sitamnyima haki yake. Alivua kofia, akaishika kifuani.

"Kuna watu wanasema Edmund amekufa," alisema. "Mimi hapa ni nani? Mama Glory huyu hapa, amesimama na nani? Wajomba zangu, wapwa zangu, mnayemtaka si mmemzoea? Siku ile mtapewa vikaratasi vyeupe. Msijisumbue na majina mapya. Andikeni Edmund."

Kina mama walipiga vigelegele. Bibi mmoja alikuja kunishika mikono miwili, akaniambia nimshukuru Mungu, wengine waume zao hawarudi.

Jumatatu, 9 Oktoba
Wanafunzi wa darasa la nne wameniuliza kama ni kweli. Nimewaambia watoe daftari za hisabati.

Jumamosi, 14 Oktoba
Binti yetu Glory amekuja kutoka shuleni kwake Masasi kwa likizo ndogo. Yuko kidato cha tatu na amerefuka. Zabroni na mama yake walikuja kumsalimia, wamemletea soda na mkate.

"Msalimie baba," wifi alimwambia.

"Shikamoo, kaka Zabroni," Glory alisema.

Wifi alirudia, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Glory alisimama tu akikunja kitenge. Zabroni alisema hamna neno, mtoto atazoea, lakini wifi alinigeukia mimi. "Huyu anaharibu, wifi. Mtoto wa kike kumkana baba yake, mkosi gani huu?"

Walipoondoka Glory aliniuliza, "Mama, wewe unamwitaje?"

"Simwiti."

"Hata siku moja?"

"Nangoja aniangalie, halafu naongea."

Aliniangalia. Ana macho ya baba yake, yale ya kutaka kuona hesabu ilivyopatikana. Nilimwambia akaoge.

Jumapili, 15 Oktoba
Glory amerudi shule. Hakuzungumza nami njia nzima hadi kwenye basi.

Jumamosi, 21 Oktoba
Nilikuwa namwona wifi Priska kuwa mjanja. Leo nimeona si hivyo.

Nilikwenda kwake kurudisha ungo, nikawakuta barazani, yeye na Zabroni. Alikuwa amempikia mlenda na ugali wa mtama, chakula alichokuwa akikipenda Edmund, mimi sikuwahi kukiweza. Akamwuliza, "Unakumbuka ile siku tulipoteleza kule mteremkoni, tukavunja mitungi yote miwili, ukasema umevunja wewe ili nisipigwe?"

Zabroni alikuwa bado hajazaliwa siku hiyo. Alitafuna taratibu, akasema, "Nakumbuka, dada." Wifi akacheka, kicheko cha msichana, akamwongezea mboga.

Nilisimama na ungo wangu. Nilimwonea wivu, naandika wazi. Yeye kaka yake amerudi. Analala, anaamka, anampikia. Mimi sijarudishiwa mtu, nimeletewa mwanamume mwenye kofia.

Jumatano, 25 Oktoba
Zabroni amekuja na fundi kuniezekea jiko. Hawakutaka hata chai. Ni mtu wa msaada, ukimkuta vizuri. Ingekuwa rahisi angekuwa mbaya mchana kutwa.

Jumamosi, 28 Oktoba
Pikipiki mbili zimekuja na magunia. Zabroni alifungua kibanda cha nyuma ambako Edmund alikuwa akiweka dawa za mikorosho, wakayapanga humo. Korosho za kangomba, bado na majani. Nilitoka nikasimama mlangoni.

"Hizi ni za nani?"

"Zetu, mama Glory," alisema. "Hapa si nyumbani kwangu?"

Hakusema kwa jeuri. Alisema kama anavyosema mtu akiwa nyumbani kwake, na alifunga kibanda, funguo akaweka mfukoni. Nilirudi ndani. Nililala mchana, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani.

Jumatatu, 30 Oktoba
Hakuna.

Alhamisi, 2 Novemba
Siku ya Marehemu Wote. Kila mwaka familia humpelekea Padri Cecil majina ya watu wao waliofariki, naye huyasoma wakati wa misa, moja moja, na kengele inagongwa. Nilidhani wifi atapeleka. Wifi hakupeleka, kwa sababu kwake yeye hakuna marehemu.

Nilikaa benchi letu nikasikiliza. Lilisomwa jina la katekista mkongwe, likasomwa la mtoto wa mwalimu mwenzangu aliyefariki kwa malaria, likasomwa la mwendesha bodaboda wa Chiungutwa ambaye hata hakuwa mshirika wetu. La Edmund halikusomwa. Orodha nzima ilipita, kengele ikagongwa mara ya mwisho, tukakaa.

Baada ya misa padri aliniita pembeni. "Mwalimu Justina, nilingoja jina kutoka kwenu."

"Ungemwuliza wifi."

"Nakuuliza wewe."

Nikamwambia nina kipindi. Sikuwa na kipindi. Nilikwenda hadi kaburini, nikakaa, nikang'oa majani. Kuna kitu kiliuma, chini ya mbavu, kidogo tu. Nilikipapasa kama mtu anayepapasa jino. Kikapotea.

Jumanne, 7 Novemba
Joto kali. Harufu ya mabibo yaliyooza kila mahali. Mawingu yamekaa upande wa Masasi, hayaji.

Jumamosi, 11 Novemba
Tumekwenda mkutano mwingine na wifi. Nilisimama. Wanasema Zabroni amewaahidi watu wa bondeni kituo chao cha kupimia korosho, ili wasipandishe magunia mlimani. Ni jambo alilokuwa akilipigania Mama Violet kwa muda mrefu. Mama Violet mwenyewe alipita na baiskeli, akatusalimia wote kwa adabu.

Alhamisi, 16 Novemba
Mwalimu mkuu ameombwa atoe mtu wa kuwaandikia wanachama wasiojua kuandika, na ubao wa kuhesabia kura. Amenitoa mimi na ubao wa darasa la tano.

Jumamosi, 18 Novemba
Nitaandika yote leo, kesho nitayapunguza.

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala. Mizani ilisukumwa ukutani, watu wakakaa juu ya magunia. Bwana Faruku ni kijana wa Tabora, mgeni hapa, mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye mikono. Alieleza utaratibu: kila mwanachama anapewa kikaratasi cheupe, anaandika jina la amtakaye, anakikunja, anakitumbukiza kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa. Aliwasimamisha wagombea wawili na kutaja majina yao, Bibiana na Zabroni. Watu walipiga makofi. Kwa Zabroni walipiga pia miguu.

Mimi niliwekwa nyuma ya rundo la magunia na meza. Wazee walikuja mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa yule bibi aliyenishika mikono.

"Niandikie Edmund."

"Edmund yupi, bibi?"

Alinishangaa. "Mwalimu, waume zako wako wangapi?"

Niliandika Edmund. Aliyefuata alisema Edmund. Nilijua aliyesimamishwa pale mbele ameitwa Zabroni, na nilijua kikaratasi kinatakiwa kiseme nini. Lakini kazi niliyopewa ni kuandika wanachosema, na walichokuwa wakisema ni Edmund. Wachache walisema Mama Violet, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini. Mwishoni na mimi, kama mrithi wa uanachama wa marehemu, nilipewa kikaratasi changu, nikapiga kura.

Kisha nikasimama ubaoni na chaki. Nilikuwa nimeandika majina mawili, na mstari katikati. Bwana Faruku akawa anafungua anasoma, mimi napiga vijiti.

"Bibiana. Bibiana. Zabroni. Bibiana. Edmund." Akasimama. "Edmund?" Watu wakaguna kwa furaha. Akakiweka kando, akaendelea. "Zabroni. Edmund. Edmund. Bibiana. Edmund."

Rundo la kando lilipokuwa kubwa aliniambia niongeze safu ya tatu. Nikaandika jina la mume wangu ubaoni, kwa mwandiko ule ule ninaowaandikia watoto. Kabla ya leo, tangu tumzike, sikuwa nimeliandika mahali popote isipokuwa humu. Akasoma, nikapiga kijiti. Akasoma tena. Lilikuwa linaitwa kwa sauti kubwa ndani ya ghala lake mwenyewe, na kila likiitwa mkono wangu ulikuwa unaitika. Safu ya Edmund ikaipita ya Zabroni, ikaipita na ya Bibiana. Ndoo ilipokwisha, marehemu alikuwa ameshinda.

Watu waliinuka kushangilia. Bwana Faruku aliwanyamazisha kwa kalamu.

"Samahani, wanachama. Mimi kwenye wagombea sina Edmund. Huyu ni nani?"

"Si huyo!" wengi walisema, wakimnyoshea kidole Zabroni.

Zabroni alisimama, akavua kofia. "Ni mimi, mheshimiwa. Ni jina nililorithi kwa mila yetu."

"Kitambulisho chako kinasema Zabroni, na fomu umejaza Zabroni. Kama ni mtu mmoja nitajumlisha kura, nitaandika sababu. Kama ni mtu mwingine, hizi zimeharibika, na Bibiana anakuzidi. Siwezi kuamua kwa kelele. Nataka mtu wa familia anithibitishie."

"Mke yuko hapo," Zabroni alisema. "Mwulizeni."

Hakuwa na nia mbaya, nina hakika. Lilimtoka tu, kama yalivyomtoka yale ya kibandani. Lakini Bwana Faruku, mgeni wa watu, alinigeukia akaniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, huyu ni mumeo?"

Wifi Priska alikuwa amekaa mbele. Alisema taratibu, bila kutisha, "Mwambie, wifi."

Nilijua ninachokishika. Nikisema ndiyo, naendelea kukaa kwenye nyumba yangu na kuokota korosho zangu, mama wa nyumba hii, na magunia yatakuja na kwenda. Nikisema hapana, ardhi ile ni ya ukoo, na mimi ni Mpare. Nilitaka kusema sijui. Nilifungua mdomo nikitegemea kwamba sauti haitatoka, kama kanisani.

"Mume wangu anaitwa Edmund," nilisema. "Alikufa mwezi wa saba. Alianguka uani asubuhi anaosha uso, na hospitali hatukufika. Macho nilimfumba mimi. Huyu ni mtoto wa dada yake, anaitwa Zabroni."

Halafu wifi akapiga ukunga. Si kelele ya hasira, ni ule ukunga wa msiba, wa mtu aliyeletewa habari sasa hivi. Akaenda chini, kitambaa cha kichwani kikamtoka, wanawake wakamkimbilia. Alikuwa anamwita kaka yake. Nilibaki na chaki mkononi. Nimemwulia kaka yake mara ya pili, na safari hii aliyeua anajulikana.

Bwana Faruku alifuta safu ya tatu kwa kitambaa chake mwenyewe. Akamtangaza Bibiana.

Jumapili, 19 Novemba
Kanisani hakuna aliyekaa benchi letu. Nimekaa peke yangu, mahali pa watu sita.

Jumatatu, 20 Novemba
Zabroni amekuja kuchukua magunia. Alipakia bila kuniangalia. Akiwa ameshawasha pikipiki alisema, "Ungeniambia tangu mwanzo kwamba hutaki."

"Sikujua," nilisema. Huo ndio ukweli.

Jumatano, 22 Novemba
Wanaonipita njiani wanasalimia ardhi. Mwanafunzi mmoja amehamishwa darasa langu.

Jumapili, 26 Novemba
Padri Cecil alikuwa kwenye kikao cha ukoo, amekuja kunieleza. Nyumba naachiwa kwa sababu nilijenga na Edmund kwa mkopo wa mshahara wangu na kila mtu anajua. Mikorosho ya juu na ya chini inarudi kwa ukoo msimu huu ukiisha. Zabroni hakudai, alinyamaza. Aliyedai ni wifi.

Nilimwuliza anaendeleaje. Padri alisema hali chakula, amelala kwenye mkeka barazani, na watu wanakwenda kumpa pole. Ana msiba mpya. Nami ningekwenda kama ningekuwa mtu mwingine.

Jumanne, 28 Novemba
Mvua ya kwanza. Kubwa, na upepo. Korosho zilizokuwa chini zitaoza nisipoziokota kesho.

Jumatano, 29 Novemba
Nimeokota hadi mgongo umegoma.

Jumamosi, 2 Desemba
Mama Violet amekuja, mwenyekiti sasa, na baiskeli ile ile. Nilikuwa nasonga ugali. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni bila kukagua kitu. Alisema ameanza kupeleka mizani bondeni, na kwamba watu watapoa, watasahau, hata wifi atapoa. Kisha akasema alilojia.

"Mwalimu, kile kiti umenipa wewe. Umepoteza shamba kwa ajili yangu. Sijui nikulipe nini."

"Usinilipe. Sikufanya kwa ajili yako. Hata kura sikukupa."

Alitabasamu akidhani ni utani. Alipoona sigeuki aliuliza, "Ulimpa Zabroni?"

"Niliandika Edmund."

"Kwa hiyo na yako ilifutwa."

"Ilifutwa. Wote wale walikuwa wanamwandika Zabroni, Mama Violet. Mimi nilimwandika Edmund. Nilitaka na yeye awe na kura yake, hata moja."

Nilikuwa naendelea kusonga. Nilipomaliza kulisema nikaona mwiko umesimama, na nikaanza kulia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya uani. Mama Violet alininyang'anya mwiko, akaniacha nilie. Ugali uliungua chini, tukala ule wa juu.